RELI YA MAKAA YA MAWE YA ENUGU
Historia Yake na Funzo Lake kwa Wakulima

Ndugu wanachama wamezoea kuona katika vijitabu vya ukumbusho kama hiki picha za maghala, majina ya wenyeviti na hesabu za magunia. Hayo yote yamo katika kurasa nyingine, na ni haki yawemo, kwa maana miaka kumi si michache katika umri wa chama cha wakulima. Lakini tumeonelea vema kutenga kurasa chache kwa habari za mahali pengine, mbali na kwetu: historia ya reli iliyojengwa katika Nigeria ya Mashariki ili kuchukua makaa ya mawe kutoka vilima vya Udi hadi bandari ya Port Harcourt.

Huenda msomaji akauliza, yatuhusu nini sisi makaa ya Nigeria? Jibu letu ni hili. Katika mikutano yetu swali moja limeulizwa mara nyingi: Je, reli ikija kusini, mkulima atapata nini? Kwa miaka mingi imetajwa reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kuyafikia makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Wako kati yetu wanaoingojea kama mvua za kwanza, na wako wanaoiogopa. Wahenga walisema kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wakulima wa Nigeria ya Mashariki walinyolewa zamani, na habari zao zote, njema na mbaya, zimekwisha kujulikana. Yafaa tuzisome kabla wembe haujatufikia.

JINSI MAKAA YALIVYOGUNDULIWA

Mwanzoni mwa karne ya ishirini Waingereza walikuwa wamekwisha kuanza kujenga reli huko Nigeria. Reli ya kwanza ilianzia Lagos, na kazi yake ilianza mwaka wa 1896. Lakini injini za siku zile zilikula makaa ya mawe, na makaa hayo yaliletwa kwa meli kutoka Uingereza. Basi ikawa ajabu: garimoshi la Afrika halikuweza kutembea hata maili moja bila kuagiziwa chakula chake ng'ambo ya bahari.

Kwa sababu hiyo wapimaji wa madini walitumwa kutafuta makaa nchini. Mkubwa wao alikuwa Bwana Albert Kitson, na katika mwaka wa 1909 kundi lake liliona makaa ya mawe katika vilima vya Udi, nchi ya Waigbo. Tabaka za makaa zilionekana ubavuni mwa vilima, mahali ambapo maji ya vijito yalikuwa yameukata udongo. Kwa hiyo haikuhitajiwa kuchimba kisima kirefu kwenda chini. Wachimbaji waliweza kuingia kilimani kwa njia iliyolala, kama mtu aingiavyo nyumbani, na kuyatoa makaa kwa vigari vidogo. Jina Enugu lenyewe, katika lugha ya Kiigbo, maana yake ni juu ya kilima.

Makaa yalikuwapo, lakini bandari haikuwapo. Basi ikatafutwa pwani mahali penye maji ya kina, na pakapatikana penye Mto Bonny. Katika mwaka wa 1913 mahali hapo pakapewa jina la Port Harcourt, kwa heshima ya Lewis Harcourt, aliyekuwa waziri wa makoloni huko London. Harcourt hakuzaliwa pale wala hakulima pale. Watu wa Diobu ndio waliokuwa wakilima pale, na ardhi yao ndiyo iliyotwaliwa ili mji na bandari na stesheni vipate mahali pa kukaa. Mapatano yaliandikwa, lakini wenyeji hawakukubali kamwe kwamba walikuwa wameiuza nchi yao kwa malipo yale, na ugomvi huo uliendelea kwa miaka mingi sana.

Hili ni jambo la kwanza tunalotaka wanachama walishike. Hati ya ardhi iliyoandikwa kwa haraka, katika lugha ambayo mmoja wa wenye kuitia sahihi hawezi kuisoma, haimalizi shauri. Kesi yake hurithiwa na wajukuu.

KUJENGWA KWA NJIA

Kazi ya reli ilianza Port Harcourt mwaka wa 1913, na mwaka uliofuata vita vikuu vya kwanza vikazuka Ulaya. Mtu angedhani vita vingeisimamisha kazi, lakini haikuwa hivyo. Meli zilikuwa haba, makaa ya Uingereza yakawa ghali na ya shida, na Serikali ikayataka makaa ya Udi kwa bidii zaidi. Machimbo ya Udi yakafunguliwa mwaka wa 1915. Mwaka wa 1916 njia ya maili 151, yaani kilomita 243 hivi, ilikuwa imefika Enugu, na makaa ya kwanza yakateremka baharini. Mwaka wa 1917 machimbo mengine yakafunguliwa katika bonde la Iva, nalo ni jina ambalo tutalirudia baadaye kwa huzuni.

Sasa tuulize, nani aliyeijenga njia hiyo? Wahandisi walikuwa Waingereza, lakini mikono iliyofyeka msitu, iliyobeba udongo na kulaza mataruma ilikuwa mikono ya wakulima wa vijiji vya jirani. Wengi wao hawakuja kwa hiari. Serikali ya kikoloni iliwapa watu fulani hati ya utawala na kuwaita machifu, ingawa Waigbo wengi hawakuwa na desturi ya kutawaliwa na mtu mmoja. Vijiji vyao viliendeshwa kwa mashauri ya wazee na ya marika. Wazee wetu waliokumbuka maakida wa wakati wa Mjerumani wangalielewa mara moja. Machifu hao wa hati waliagizwa kutoa watu wa kazi, nao wakawatoa. Mmoja aliyejulikana sana alikuwa Chifu Onyeama wa Eke, ambaye neno lake lilitosha kuwatoa watu vijijini na kuwapeleka machimboni. Machimbo mamoja ya Enugu yameitwa kwa jina lake.

Watu hawakunyamaza. Katika mwaka wa 1914 watu wa Udi waliasi, wakapigwa na askari. Baada ya hapo vibarua walipatikana, lakini twajua walipatikana kwa njia gani.

Hatuandiki haya ili kufufua chuki. Twayaandika kwa kuwa kila mkulima anajua kwamba kazi ina msimu wake. Kijana aliyechukuliwa kubeba mataruma wakati wa kupanda viazi vikuu aliliacha shamba bila mikono, na njaa ya nyumba hiyo haikuandikwa katika hesabu yoyote ya gharama za reli. Gharama za chuma na saruji huandikwa na mhandisi. Gharama za shamba lisilopandwa hubebwa na mama wa nyumbani.

Njia haikukomea Enugu. Ilisonga mbele kaskazini ikafika Makurdi, kando ya Mto Benue, mwaka wa 1924, kisha ikaendelea hadi kuungana na reli nyingine za kaskazini. Kwa miaka kadhaa mabehewa yalivushwa mtoni kwa pantoni, mpaka daraja kubwa la Benue lilipofunguliwa mwaka wa 1932.

RELI ILIVYOMFAA MKULIMA

Tusiwe wachoyo wa kusema kweli. Reli ile, ingawa ilijengwa kwa ajili ya makaa, ilimfaa mkulima kwa njia nyingi. Nchi ile ni nchi ya michikichi, kama ilivyo Kigoma kwetu, na mali yake kubwa ilikuwa mawese na kokwa zake. Kabla ya reli, mawese yalichukuliwa kwa kichwa na kwa mitumbwi mpaka penye wanunuzi. Mzigo wa kichwa una kipimo chake, na kipimo hicho ni shingo ya mchukuzi. Mtu aliyekaa mbali na mto alizalisha kadiri ya alivyoweza kubeba, si kadiri ya michikichi yake.

Reli ilipopita, Aba na Umuahia zikawa stesheni, kisha zikawa miji. Makampuni ya Kizungu yalijenga mabohari kando ya njia, na mkulima akaweza kuuza karibu na kwao. Huko Enugu wakazaliwa wanunuzi wa namna nyingine, nao ni wachimbaji na makarani na watu wa reli, ambao hawakulima na walihitaji kula kila siku. Viazi vikuu na mihogo na mboga vikapata soko la fedha. Watoto wakaenda shule kwa fedha hizo. Garimoshi lilichukua pia barua, magazeti na habari, na watu wa vijiji vilivyokuwa mbalimbali wakaanza kujuana.

Lakini njia haichagui abiria. Mwaka wa 1918 homa kuu ya mafua iliingia Nigeria kwa meli, ikasafiri kwa reli na kwa mito kwenda bara upesi kuliko ugonjwa wowote wa zamani. Hivyo ndivyo zilivyo njia zote. Ukifungua mlango, huingia mgeni na huingia mwizi, na mwenye nyumba hana budi kuwa macho kwa wote wawili.

MWAKA WA 1929

Jambo kubwa kuliko yote kwa wakulima lilitokea mwaka wa 1929, na mji wa Aba, ambao tumeutaja kuwa ni stesheni ya reli hiyo, ukawa kitovu chake.

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo wanaume wa majimbo ya mashariki walikuwa wameanza kutozwa kodi. Kisha bei ya mawese ikashuka. Katika kijiji cha Oloko, si mbali na Umuahia, mtu aliyetumwa na chifu wa hati alikuja kuhesabu watu na mifugo. Mwanamke mmoja aitwaye Nwanyeruwa alikuwa akifanya kazi ya mawese nyumbani kwake alipohojiwa, naye akaona kwamba sasa wanawake pia watatozwa. Aliwapelekea habari wenzake. Wanawake wakakusanyika kwa maelfu, kijiji kwa kijiji na soko kwa soko, wakataka machifu wa hati waondolewe na bei za mazao zitazamwe. Walizivamia mahakama na maduka ya makampuni. Askari walifyatua risasi, na wanawake zaidi ya 50 wakafa.

Serikali ililazimika kuchunguza, na baadaye utaratibu wa machifu wa hati ukabadilishwa. Lakini tutazame chanzo chake kwa macho ya mwanachama wa ushirika. Reli ilikuwa imemfikisha mkulima sokoni. Haikumpa sauti katika bei. Mwenye mizani alikuwa mwingine, mwenye bohari alikuwa mwingine, na mwenye kujua bei ya Liverpool alikuwa mwingine. Bei ilipopanda, habari zilichelewa kufika kijijini. Iliposhuka, zilifika siku ile ile. Wanawake wale hawakuwa na chama kilichoandikishwa wala kitabu cha hesabu. Walikuwa na umoja wao tu, na umoja usio na mahali pa kusemea hutoka nje kwa vishindo.

Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa Nigeria mwaka wa 1935, miaka sita baada ya vifo hivyo. Hapa kwetu Tanganyika sheria kama hiyo ilikuwa imetungwa mwaka wa 1932, na wakulima wa tumbako wa Songea wakaunda chama kikuu cha Ngoni-Matengo mwaka wa 1936. Tukisherehekea miaka yetu kumi, tukumbuke kwamba sisi ni wajukuu katika kazi hii, wala hatukuianzisha.

BONDE LA IVA, 1949

Sasa twende machimboni. Kazi ya makaa ilikuwa ngumu. Mkataji aliingia kilimani na sururu, akakata makaa gizani kwa mwanga wa taa ndogo, na vijana wakasukuma vigari hadi mdomoni mwa machimbo. Watu hao walikuwa watoto wa wakulima. Wengi walikuwa na mashamba vijijini, wakarudi kupanda na kuvuna, na ujira wao ulijenga nyumba za vijijini.

Baada ya vita vikuu vya pili gharama za maisha zilipanda, na wachimbaji wakadai malipo waliyosema ni haki yao na ambayo yalikuwa yamezuiwa. Chama chao kiliongozwa na katibu wake, Bwana Okwudili Ojiyi. Mwezi wa Novemba 1949 walianza kufanya kazi polepole, na baadhi yao wakaachishwa kazi. Serikali ikaingiwa na hofu kwamba baruti iliyowekwa machimboni ingeweza kutumiwa vibaya, ikatuma polisi kwenda kuiondoa. Tarehe 18 Novemba 1949 polisi walifika katika machimbo ya bonde la Iva. Wachimbaji walikusanyika. Hawakuwa na bunduki. Afisa wa polisi aliamuru risasi zipigwe, na watu 21 wakafa, na wengine 51 wakajeruhiwa.

Habari zilishuka njiani upesi kama garimoshi lenyewe. Kulikuwa na ghasia katika Aba na Port Harcourt, miji ile ile ya reli, na viongozi wa siasa waliokuwa wakigombana wakaketi pamoja kwa muda. Tume iliyoongozwa na Bwana William Fitzgerald ilichunguza, nayo ikamlaumu afisa yule kwa uamuzi wake. Wanahistoria wengi wa Nigeria huihesabu siku hiyo kuwa ni moja ya siku zilizoharakisha uhuru, ambao ulipatikana mwaka wa 1960.

Twaitaja siku hiyo hapa kwa sababu moja. Watu 21 wale waliuawa katika ugomvi wa hesabu za mshahara. Ugomvi wa hesabu ni jambo dogo pale hesabu zinapowekwa wazi, zikasomwa mbele ya wote na kujibiwa. Ukiufungia kabatini hukua. Makatibu wetu wa vyama vya msingi, ambao mara nyingine huona uvivu kusoma hesabu za malipo ya pili mbele ya wanachama, na wayatafakari hayo.

KILELE NA KUANGUKA

Karibu na mwaka wa 1959 machimbo ya Enugu yalikuwa yametoa makaa mengi kuliko wakati wowote, karibu tani 900,000 kwa mwaka. Enugu ulikuwa mji mkuu wa Jimbo la Mashariki, na watu waliuita mji wa makaa. Mtu yeyote aliyesimama stesheni siku hizo na kutazama mabehewa yakipita angeapa kwamba mji ule hautaanguka kamwe.

Lakini anguko lilikuwa limekwisha kuanza, na lilianzia ndani ya reli yenyewe. Mnunuzi mkubwa wa makaa ya Enugu alikuwa shirika la reli, na shirika hilo likaanza kununua injini za dizeli. Injini ya dizeli haili makaa. Mwaka wa 1956 mafuta ya petroli yaligunduliwa Oloibiri, katika nchi ya mito iliyo upande wa pwani, na tangu mwaka wa 1958 yakaanza kuuzwa nje. Mitambo ya umeme nayo ikageukia mafuta, gesi na nguvu ya maji; bwawa kubwa la Kainji lilianza kutoa umeme mwaka wa 1968. Basi makaa yakawa kama fundi wa mishale katika nchi iliyopata bunduki. Ustadi wake haukupungua, bali wateja walikwenda zao.

Kisha ikaja vita. Mwaka wa 1967 Nigeria ya Mashariki ilijitenga kwa jina la Biafra, na Enugu ukawa mji wake mkuu, mpaka ulipotwaliwa na majeshi ya Serikali ya Nigeria mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Machimbo yakaachwa. Vita vilipokwisha Januari 1970, sehemu ya machimbo ilifunguliwa tena, lakini hesabu za zamani hazikurudi. Fedha za nchi zilitoka katika mafuta, na mafuta husafiri kwa mabomba na malori. Reli ya mashariki ikazeeka, majani yakaota kati ya mataruma, na mkulima wa kando ya njia akarudia kutegemea barabara. Katika mwaka wa 2021 kazi ya kuifufua njia ya Port Harcourt hadi Maiduguri ilianzishwa, na mwaka wa 2024 garimoshi la abiria lilianza tena kwenda kati ya Port Harcourt na Aba. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka mia moja tangu safari ya kwanza ya makaa.

KWETU KUSINI

Hatuna haja ya kwenda Nigeria kuona reli iliyokufa pamoja na mzigo wake. Wazee wa Mtwara na Nachingwea waliiona kwa macho. Baada ya vita vikuu vya pili Waingereza waliamua kulima karanga kwa matrekta katika nchi yetu, na kwa ajili ya karanga hizo wakajenga reli ya kusini na bandari ya Mtwara. Msitu ulifyekwa, mashine zikavunjika, mvua zikakataa amri za London, na mwaka wa 1951 mpango mkubwa wa karanga ukaachwa. Reli ilibaki ikitafuta mzigo. Mwaka wa 1962 ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Bandari ya Mtwara ilibaki, na hiyo ndiyo inayosafirisha korosho zetu.

Basi tuziweke hadithi hizi mbili pamoja. Reli ya karanga ilijengwa kwa zao moja lisilostawi, ikafa baada ya miaka michache. Reli ya Enugu ilijengwa kwa madini yaliyostawi sana, ikaishi miaka mingi zaidi, lakini mwisho wake ukafanana na wa mwenziwe. Yote mawili yatufundisha kwamba njia iliyojengwa kwa mzigo mmoja huwa mtumwa wa mzigo huo. Kilichoipa reli ya Enugu uhai mwingine ni mawese, viazi vikuu na abiria, yaani mali na miguu ya wakulima. Laiti mali hiyo ingalipewa heshima tangu mwanzo, pengine njia isingalizeeka hivyo.

Na makaa ya mawe yamekwisha kuanza kutembea kwetu. Katika wilaya ya Mbinga, huko Ngaka, makaa yamechimbwa tangu mwaka wa 2011, nayo yameteremshwa kwa malori kupitia Songea hadi bandari ya Mtwara, barabara ile ile ipitayo mazao yetu. Mkulima wa kando ya barabara ameona vumbi lake, na mfanyabiashara wa chakula ameona faida yake. Siku reli itakapowekwa, mzigo huo utahamia relini, na maswali ya Enugu yatakuja kubisha hodi milangoni kwetu.

YATUPASAYO KUFANYA

Hatukusudii kuwatia wanachama hofu. Reli ni neema. Tani moja ya korosho au kahawa iendayo kwa reli yaweza kumwachia mkulima shilingi ambazo sasa humezwa na nauli ya lori. Lakini neema hupokewa kwa mikono miwili, na mkono mmoja ni akili. Kwa hiyo twashauri mambo manne, ambayo tungependa yajadiliwe katika vyama vya msingi kabla ya mkutano mkuu ujao.

La kwanza ni ardhi. Wapimaji wakija, kila kijiji kiwe na orodha yake ya mashamba, mipaka, mikorosho na mibuni, iliyoandikwa na kutiwa sahihi na wenyewe kabla ya kipimo cha kwanza. Watu wa Diobu hawakuwa nayo. Na hati yoyote ya fidia isomwe mkutanoni kwa Kiswahili, neno kwa neno, pasipo haraka.

La pili ni ghala na mizani. Anayemiliki bohari la stesheni ndiye anayeamua bei ya kijiji. Chama kikuu kitafute mapema kiwanja karibu na stesheni itakayokuwa ya kwetu, na akiba ianzwe sasa, hata iwe ndogo. Tukingoja mpaka garimoshi lipige honi, viwanja vyote vitakuwa vimekwisha kupata wenyewe.

La tatu ni mikono ya vijana. Machimbo yatawaita, nao watakwenda, wala hatuna haki ya kuwakataza. Lakini tuwafundishe kuuliza mkataba, kuingia katika vyama vya wafanyakazi na kuweka akiba katika vyama vyetu vya kuweka na kukopa. Na shamba lisiachwe. Mchimbaji wa Enugu aliyekuwa na shamba kijijini alikuwa na pa kurudi machimbo yalipofungwa. Asiye na shamba alibaki mjini akitazama reli yenye majani.

La nne ni mzigo wetu wenyewe. Tusiiache njia iwe ya makaa peke yake. Tupande, tuongeze ubora, tukusanye mazao mahali pamoja, ili siku makaa yatakapokosa mnunuzi, kama yalivyokosa Enugu, garimoshi likute bado kuna magunia ya kutosha yanayolingoja. Reli yenye mzigo wa wakulima ni vigumu kuing'oa.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuyaweka katika kijitabu hiki cha miaka kumi. Tulianza na mizani moja ya kukopa na ghala lililovuja, na wanachama wa kwanza wanayakumbuka hayo bila kuambiwa. Leo tuna maghala yetu na vitabu vya hesabu vinavyofungwa kila mwaka. Tukiwa na umri wa miaka ishirini, Mungu akipenda, huenda kijitabu kingine kikaandikwa na kusambazwa kwa garimoshi. Tunawaomba watakaokiandika wasimulie jinsi tulivyoipokea reli hiyo, kama tulikuwa tumejiandaa au kama ilitukuta tumelala.